Mwambie Mama Yako

"Mwambie mama yako chumvi haijakolea."

Mama mwenyewe alikuwa ameketi palepale, upande wa pili wa meza, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angemfuta mumewe tone la mchuzi lililokuwa kidevuni. Alilisikia kila neno. Lakini alingoja, maana ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile. Binti yao akameza tonge, akageuka.

"Mama, Baba anasema chumvi haijakolea."

"Mwambie iko mbele yake."

"Baba, iko mbele yako."

Mzee akavuta kikopo, akanyunyiza, akaendelea kula taratibu, na hakuna aliyeona ajabu. Ajabu gani tena? Binti alianza kazi hiyo angali anahangaika na kamba za viatu vya shule, na sasa alikuwa mtu mzima mwenye pete ya uchumba kidoleni.

Msije mkadhani walikuwa wamegombana. Laiti wangegombana! Wagombanao hutukanana, wakavunja sahani, kesho yake wakaona haya wakacheka. Hawa hawakuwa na sahani hata moja iliyovunjika. Siku moja, miaka mingi nyuma, mume alikuwa akiwasimulia wageni jinsi alivyofungua karakana yake ya redio kwa jasho lake peke yake, naye mke, akikusanya vikombe, akasema kwa utani kwamba hata cherehani yake ilitoka jasho kidogo. Wageni wakacheka. Mume hakucheka. Tangu jioni hiyo hakumsemesha tena. Mke alipiga magoti, akaomba radhi, akalia, akanuna naye, akaacha kununa, akaomba tena. Jibu lilikuja siku ya tatu, limebebwa na mtoto aliyesimama mlangoni na kidole mdomoni: "Mama, Baba anasema alishakusamehe."

Sasa mtu aliyesamehewa namna hiyo akaombe nini tena, na kwa nani?

Huko nje mambo yalikuwa mengine kabisa. Mtaani mume aliitwa Mzee Spika, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya sauti yake nzito, tamu, ambayo ungeisikiliza hata ikikusomea bei za nyanya. Yeye ndiye aliyefunga vipaza sauti vyote vya kanisa, na yeye ndiye aliyefundisha darasa la wachumba. Somo lake lililopendwa lilikuwa hili: mume mcha Mungu hagombani. Akikosewa, hunyamaza, kama Bwana alivyonyamaza mbele ya waliomshtaki. Wachumba waliandika, wakapiga mstari chini. Na mke wake, fundi cherehani, aliyekaa nyuma ya darasa akigawa chai, watu walimwita Mama Kielelezo. Kila mara alipoitwa hivyo aliitika, akatabasamu, akajaza kikombe kinachofuata.

* * *

Wiki moja kabla ya harusi, binti alipanda juu ya stuli katika chumba cha kushonea, amevaa gauni lake jeupe ambalo bado halikuwa na pindo. Mama alikuwa chini sakafuni, amebana pini kwa midomo, anazunguka kwa magoti.

"Mchumba wangu ananyamaza," binti alisema. Alisema kama mtu anayeleta habari njema.

Mama, na pini zake mdomoni, aliacha kuzunguka. Akainua macho.

"Nilimtania mbele ya rafiki zake. Alifika amechelewa, nikasema labda saa za kule bohari anakofanya kazi zinaenda kwa miguu. Wakacheka. Tangu wiki iliyopita hanisemeshi. Lakini hana ubaya, Mama. Anamtuma mdogo wake, yule wa shule. Jana kaja kaniambia, Kaka anasema usimngoje. Nami nikamwambia, mwambie haya."

Mama alitoa pini moja, akaichomeka kwenye kimto cha sponji alichofunga mkononi. Akatoa ya pili. Ndipo akagundua kwamba nyingine ilikuwa imemchoma mdomo.

"Na wewe unaonaje?" aliuliza.

"Naonaje nini? Wenzangu darasani wachumba wao wanafoka, mmoja hata alimsukuma. Huyu wangu katulia, kama Baba." Kisha akatazama chini, kidogo tu akiwa na mashaka na uso alioukuta huko. "Kwani nyumba nyingine wanafanyaje?"

Hapo ndipo yule mama alipoelewa. Miaka yote hiyo alijikaza kisabuni akidhani anamficha mtoto vita. Kumbe hakuna kilichofichwa. Mtoto aliona kila kitu, akakiita amani.

"Mwanangu," alianza, "kile ulichokiona humu ndani..."

"Baba alishatufafanulia," binti alimkatiza kwa upole. "Hata Mungu hakusema nasi moja kwa moja. Alimtuma Mwana."

Mama akachukua pini nyingine. Na kabla hajaichomeka, hodi ikapigwa mlangoni.

Alikuwa mkwe wake, mama wa bwana arusi, mwanamke mnene mwenye roho nzuri na ulimi usio na breki. Amekuja kutazama shela. Akamzunguka binti, akapapasa kitambaa, akasifu mishono, kisha akajitupa kwenye kiti na kutoa yaliyo moyoni bila kuombwa.

"Mkwe wangu, leo nikwambie usilolijua. Baba yao alikuwa hataki. Alisema mwanetu ana kazi ya ofisini kule bohari, tukaoe kwa fundi redio na fundi cherehani kwa lipi? Samahani, lakini ndivyo alivyosema. Basi nikamleta kanisani kwenu mwaka jana, ile Jumapili ya Wachumba. Akamwona mumeo anapiga magoti anakuosha miguu, mbele za watu, mwanaume mzima. Alilia, mkwe. Kule nyumbani akasema, kama binti katoka katika ndoa ile, hata aje na nguo za mwilini tu, tunamchukua."

Mama Kielelezo akashukuru. Utafanyaje? Mtu kakutukana na kukusifu kwa pumzi moja, unashukuru.

"Na Jumapili hii anakuja tena," mkwe aliongeza, "pamoja na kaka zake wote. Nao wanataka kuona."

Binti juu ya stuli aliona haya kwa furaha, akainamisha uso. Mama akarudi magotini, akaendelea na pindo. Alijua sasa alipofika. Akiyasema yale anayoyajua, harusi inavunjika na mtoto anaaibika ukoo mzima ukiona. Akinyamaza, mtoto anaingia kwa vigelegele katika nyumba ileile aliyokulia, tofauti yake safari hii hatakuwa mbeba maneno. Atakuwa yule anayengoja kuletewa.

* * *

Alikwenda kwa mchungaji.

Ofisi ilikuwa chumba kidogo nyuma ya madhabahu, kimejaa viti vya plastiki vilivyopandanishwa hadi dirishani. Mchungaji alikuwa mtu wa heri, mwenye haraka. Alimwondolea kiti kimoja juu ya rundo, akakifuta kwa leso yake, akamsikiliza. Mama alieleza vibaya. Jambo alilolimeza miaka yote lilitoka vipandevipande, na kila kipande kikitoka kilionekana kidogo. Chumvi. Karakana. Mtoto mlangoni.

"Anakupiga?" mchungaji aliuliza.

"Hapana."

"Ana mwanamke nje?"

"Hapana, Mchungaji."

"Chakula cha nyumbani analeta?"

"Analeta. Hanisemeshi tu."

Mchungaji akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema wapo akina mama katika kanisa hilohilo ambao wangefunga na kuomba wapate mume wa kunyamaza. Akasema kila nyumba ina lake. Mama akamwambia habari za binti, kwamba mchumba kashaanza kumtuma mdogo wake, kwamba kajifunza darasani, hapa hapa kanisani. Hapo mchungaji aliacha kucheka. Akaangalia viti vyake.

"Dada yangu," akasema mwishowe, "watu hawamwoni Mungu. Wanawaona nyinyi. Ndoa yenu ni picha tuliyoitundika ukutani, wachumba wote hawa wameitazama. Ukiichana Jumapili, mbele ya wageni, unadhani utakuwa umemchana mumeo peke yake?"

Akamwombea. Maombi yalikuwa mafupi na mazuri. Akamsindikiza hadi mlangoni, akamkumbusha asisahau chupa ya maji ya moto kwa ajili ya kuosha miguu, maana mwaka jana maji yalipoa mapema.

Ndiyo, maji yale alikuwa akiyachemsha yeye mwenyewe. Kila mwaka bibi arusi wa mfano aliamka, akawasha jiko, akachemsha maji ya kuoshwa miguu yake, akayatia kwenye chupa ya chai, akayabeba kwapani hadi kanisani. Hakuna aliyewahi kuliuliza hilo.

Njiani alijaribu kusali, ikamshinda. Ndipo alipogundua jambo ambalo lilimtisha kuliko lile la binti. Siku nyingi alikuwa hasali mwenyewe. Akiumwa mgongo humwambia binti, mwanangu niombee. Kazi ikipungua humwambia, nitajie kwenye maombi yako. Yeye mwenyewe huinamisha kichwa tu, kama anavyoinamisha mezani, akingoja kuambiwa na mtu mwingine kama huko juu ameshasamehewa. Alikuwa ametazamishwa ile picha ukutani muda mrefu, akaamini ndivyo Mungu alivyo: yupo, analeta chakula, hakupigi, na kisogo kakugeuzia. Alisimama kando ya barabara na kikapu chake, akawa na hasira, hasira ya kweli, kwa mara ya kwanza tangu zile siku za kupiga magoti.

* * *

Kwa hasira hiyo akapitiliza hadi karakana.

Mume alikuwa ameinamia meza, chuma cha kulehemu mkononi, moshi mwembamba unampanda puani. Pembeni redio ya mteja ilikuwa ikiimba kwa sauti ya chini. Alikuwa anatengeneza kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, alichokibuni mwenyewe kwa ajili ya Jumapili, ili mikono iwe huru wakati wa kuosha na sauti isipotee. Alimwona mkewe. Hakuinua kichwa.

"Nimekuja kukwambia habari ya mtoto," alisema mke. Aliusemesha utosi wake, palipoanza kutoka kipara. "Mchumba wake kamnyamazia. Kajifunza kwako. Anamtuma mdogo wake kama sisi tulivyokuwa tunamtuma wetu. Sikuombi unisemeshe mimi. Mimi nishazoea. Mwite yule kijana, umwambie ulikosea."

Chuma kilisimama hewani. Risasi iliyoyeyuka ikadondoka mezani. Mke aliona midomo ya mumewe ikitikisika, ikafunguka kidogo, na kwa dakika ile alimhurumia, Mungu ni shahidi. Alimwona kama mtu aliyejifungia chumbani kwa kumkomoa mwingine, kitasa kikashika kutu, sasa naye yumo ndani hana pa kutokea.

Kisha mkono wake wa kushoto ukanyooka, ukazungusha kitufe cha redio. Wimbo ukajaa karakana nzima.

Alisimama hadi wimbo ulipokwisha na mwingine kuanza. Halafu akaenda zake, maana kulikuwa na pindo la kumalizia.

* * *

Jumapili kanisa lilifurika. Wakwe walikaa mstari wa pili, ukoo mzima, mashati yamepigwa pasi hadi yanakatika. Wachumba walikuwa mbele yao, wawili wawili. Binti alikaa na kijana wake wa bohari bega kwa bega, na kati yao, kwa kubanwa, alikaa yule mdogo mtu, soksi nyeupe zinaning'inia. Mama aliona kijana akimnong'oneza mdogo wake, mdogo akimnong'oneza binti, na binti akiitikia kwa kichwa.

Viti viwili viliwekwa mbele, na beseni. Mchungaji alieleza kama kila mwaka: hawa mnaowaona si watu wawili tu, ni picha. Huyu mume ni mfano wa Bwana aliyejishusha. Huyu mke ni mfano wa kanisa linalopendwa. Mzee Spika akapiga magoti, kipaza sauti chake kipya kimebana kolani, kinakamata hata pumzi yake. Mama akavua viatu. Alijionea haya kwa visigino vyake vilivyopasuka, kama kila mwaka.

Utaratibu ulikuwa na maneno yake. Mchungaji angemuuliza mume: unampendaje? Naye angejibu: kama Kristo anavyolipenda kanisa. Kisha angemuuliza mke: nawe wasikia nini? Naye angejibu: naisikia sauti ya bwana wangu. Mama alikuwa ameyasema mara nyingi hata yalikuwa hayana tena ladha mdomoni.

"Unampendaje?" aliuliza mchungaji.

"Kama Kristo anavyolipenda kanisa," ilinguruma ile sauti, tamu, kutoka spika zote nne. Mstari wa pili mtu alipenga kamasi. Alikuwa baba wa bwana arusi.

Mume akachukua chupa, akaifungua, akamimina. Mvuke ukapanda juu ya beseni. Kulikuwa na jagi la maji ya baridi pembeni. Mama hakuwa ameona akilishika, alikuwa anawatazama wale watatu mstari wa mbele. Mume akaukamata mguu wake wa kulia, akaanza kuushusha kwenye mvuke.

"Umechanganya na ya baridi?" mama akauliza.

Lilikuwa swali tu. Mtu yeyote angeuliza, mguu ni wake. Mwenyewe hakujua kama aliuliza kwa ajili ya maji au kwa ajili ya miaka yote ile. Lakini lilisikika, maana kile kipaza sauti kilikuwa karibu, na kanisa zima likamsikia mke akimuuliza mumewe, na likangoja jibu kama linavyongoja mtu yeyote.

Mzee Spika aliinua uso. Akaangalia beseni. Akaangalia mguu. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Halafu, jamani, mazoea ni kitu kibaya, akageuza shingo kuelekea mstari wa mbele, na spika zote nne zikatangaza:

"Mwambie mama yako nimeshachanganya."

Na binti akasimama. Hakufikiri. Alisimama kama alivyosimama maisha yake yote, akamgeukia mama aliyekuwa mbele yake kabisa, akasema kwa sauti safi, "Mama, Baba anasema amesha..."

Akanyamaza.

Baadhi ya watu walicheka, wakidhani ni utani uliopangwa. Kicheko kikatembea hadi katikati ya kanisa, kikakosa mwenzake, kikafa. Binti alikuwa bado amesimama, mkono umeinuka nusu. Akamtazama baba yake aliyekuwa ameshika mguu wa mama yake. Akatazama kile kipande cha sakafu kati yao na yeye. Baba alikuwa mbali naye hatua kadhaa. Mama alikuwa mkononi mwake. Mama aliuona uso wa mwanawe ukibadilika polepole, akajua kwamba mtoto anahesabu milo yote, vikombe vyote, asubuhi zote.

Mchungaji alijitahidi. Akakohoa, akasogea na kipaza sauti chake hadi mdomoni kwa mama, akauliza haraka, "Na wewe mama, wasikia nini?"

Mama akautoa mguu wake mikononi mwa mumewe, akauweka chini, kwenye sakafu kavu.

"Sisikii kitu," alisema.

Sauti yake ilimshangaza kwa ukubwa. "Hanisemeshi. Huyu mtoto alikuwa hajaota hata meno ya utu uzima nilipoambiwa kupitia kwake kwamba nimesamehewa. Mnaambiwa hata Mungu alimtuma Mwana. Alimtuma, ndiyo. Lakini yule alikuja akakaa nasi, akala nasi, akalia nasi. Hakuja kuniambia chumvi haijakolea." Akavuta pumzi. "Siwaambii msioane. Nasema msitazame hapa. Kama Mungu angekuwa kama hivi tunavyokaa mimi na huyu, ningekuwa nimeshahama kwake siku nyingi. Naomba mnisamehe. Naomba mnisamehe wenyewe, msimtume mtu."

Akavaa viatu bila kufuta unyevu.

* * *

Nje hakukuwa na mtu aliyejua asimame wapi. Wakwe walikwenda moja kwa moja kwenye gari lao. Mkwe mnene aligeuka mara moja, akataka kusema, akavutwa mkono. Kijana wa bohari alibaki kando ya lango, uso chini. Binti alimwendea. Mama alikuwa karibu, akasikia yote.

"Naenda kwetu kula," binti alimwambia. "Nikimaliza nitakuwepo. Njoo uniambie kitu, chochote, hata unitukane. Lakini uje wewe. Ukimtuma mdogo wako, nitamrudisha na pete."

Kijana alifungua mdomo. Kisha akamtafuta mdogo wake kwa macho. Binti akaondoka.

Chakula kiliandaliwa kama kawaida, kwa sababu Jumapili watu hula. Walikaa watatu. Katika chumba cha kushonea mlango ulikuwa wazi, na gauni lilionekana limesimama kwenye sanamu lake la mbao, pindo tayari. Mzee Spika alikuwa bado amevaa shati la kanisani, kipaza sauti kingali kolani, kimezimwa. Alionja mchuzi. Akasita.

"Mwambie mama yako..." alianza.

Binti aliendelea kutafuna, macho sahanini.

Mzee akangoja. Hakuna aliyegeuka. Kikopo cha chumvi kilikuwa upande wa mama, mbali kidogo na mkono wake. Akarudi kula mchuzi wake bila chumvi, kijiko baada ya kijiko, na kila kijiko kilisikika. Mama alidhani angefurahi. Hakufurahi. Alikuwa amechoka, na aliogopa. Nyumba ilikuwa ileile na kesho ingekuwa ileile, na harusi huenda ikawa imekwisha kwa mdomo wake mwenyewe. Alijikuta akisema kimoyomoyo, kwa maneno yake mwenyewe, bila kumpitia mtu: Baba, asije mtoto. Aje mwenyewe.

Hodi ikapigwa.

Wote watatu waliacha kula. Ilikuwa hodi nyepesi, ya chini mlangoni, ya mkono mfupi.

"Hodi," ilisema sauti ndogo ya kike. "Kaka amenituma."

Binti akaweka kijiko. Hakulia. Akaanza kuizungusha pete kidoleni, ilikuwa imembana kwa joto, akailowesha kwa ulimi, ikatoka. Akasukuma kiti nyuma, akainuka kuelekea mlangoni.

Mzee Spika alimwangalia akipita. Midomo ilimtikisika kama ile siku ya karakana. Safari hii hapakuwa na redio. Akageuka, akamtazama mkewe usoni, machoni kabisa, na sauti ikamtoka, si ile ya kanisani, bali kitu kikavu, kilichochakaa, kama cha mtu anayeamka kutoka homa.

"Mzuie," alimwambia.

Neno moja. Mama alikuwa amelingoja miaka yote ile, alikuwa ameliota likija na machozi, likija na jina lake. Akalipokea lilivyokuja. Akamsogezea kikopo cha chumvi mpaka kikagusa sahani yake.

"Mwambie mwenyewe," akasema, na akaendelea kula.